Usiku wa Tarehe Kumi na Mbili

Saumu Chidosa alilibandika Sikio ukutani kwa mara nyingine mchana ule, akashuka ngazi, akakitazama kioo cha mashine akiomba kimwonyeshe kitu kingine. Hakikuonyesha kitu kingine. Matabaka ya usiku wa leo yalikuwa yamejipanga palepale, kila mwaka na mstari wake. Mingi ilikuwa myembamba, mingine haionekani hata ukikodoa macho. Katikati yake ulikuwepo mstari wa mwaka wa sabini na tano, mnene, wa rangi ya asali, unatetemeka wenyewe ingawa hakuna aliyeugusa.

"Harusi," alijiambia kwa sauti. "Watu wa Tanga na harusi zao."

Lakini roho haikutulia. Leo ilikuwa tarehe kumi na moja Oktoba, tarehe ambayo Baraza la Kumbukumbu za Muziki lilikuwa limeshaamua kwamba haina kitu katika ukuta huu wa ukumbi wa zamani wa dansi. Ilikuwa tarehe ya majaribio tu. Kilichomtoa Dodoma mpaka Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani, na masanduku yake yote ya vyombo, kilikuwa usiku wa kesho.

Sikio halikuwa uchawi, ingawa waliolibuni walipenda sana watu wadhani hivyo. Ukuta wa chokaa hupata joto mchana kutwa. Jua likizama hupoa, hujikaza, na katika kule kujikaza hufungia ndani yake mtikisiko wa sauti zilizoupiga jioni hiyo. Mwaka ukizunguka na jua likarudi kuzama mahali palepale, mafungo yale hulegea kwa muda mfupi, ya miaka yote kwa pamoja. Hapo unachagua mwaka mmoja, nao hutoka mzima, pamoja na gitaa na kikohozi cha mlinzi wa mlangoni. Ubaya wake ni kwamba nguvu inayoutoa mwaka mmoja huiunguza mingine yote ya tarehe hiyo. Kwa kila ukuta na kila tarehe unapata usiku mmoja, na kinachobaki ni chokaa. Saumu alikuwa ameshasoma kuta za Tabora, za Moshi na za Kigoma, na bado kila alipobonyeza aliyafikiria yale aliyoyaunguza bila kuyasikia.

Ukuta huu nao haukuwa na mwaka mwingine wa kusubiri. Keshokutwa ukumbi wote ungebomolewa kupisha reli mpya, na mitambo ya kubomolea ilikwisha kuegeshwa nyuma ya choo.

Saa yake ya mkononi ikalia. Alikuwa Mkurugenzi Mushumbusi wa Baraza, anapiga kutoka Dar es Salaam, na kama kawaida yake alianza kuongea kabla hajasalimiwa.

"Fundi wangu! Ukuta unasemaje?"

"Unaitika vizuri, Mkurugenzi. Ila huu usiku wa leo una mstari mkubwa, tena mwaka uleule wa sabini na tano. Umenishangaza."

"Ilikuwa Jumamosi hiyo, dada. Unashangaa watu kucheza Jumamosi? Hebu sikiliza nilivyoandika utangulizi wa kesho." Akakohoa kidogo, sauti ikawa ile ya redioni. "Leo, tarehe kumi na mbili Oktoba, katika muziki. Ni siku ambayo Tabora walisikia gitaa la umeme kwa mara ya kwanza, na umeme ukakatika katikati ya wimbo. Ni siku ambayo waimbaji wa kike wa kikundi kimoja cha taarabu, Unguja, waliketi chini jukwaani wakakataa kuimba mpaka majina yao yatajwe hewani. Na ni siku ambayo Athumani Mnkeni wa Nyota Mkonge Jazz, katika ukumbi mdogo wa Tanga, aliimba wimbo ambao... Hapo nanyamaza kidogo. Unaonaje?"

"Umenyamaza vizuri."

"Nchi nzima itanyamaza!" akacheka, akakata.

Hakuwa anatia chumvi. Siku hizi jioni zote zilikuwa hivyo. Kipindi cha Leo Katika Muziki kilipoingia hewani, maduka yalifunga, magari yaliegeshwa kando, na hata waliokuwa wanagombana waliahirisha. Watu walisahau tarehe zao za kuzaliwa lakini walijua ni tarehe gani nani aliimba nini. Na katika tarehe zote za mwaka, hakuna iliyosubiriwa kama hii. Wimbo wa Mnkeni uliimbwa mara moja tu. Mkanda wa redio ulionasa wimbo huo ulifutwa kupisha hotuba, na mwezi uliofuata Mnkeni akafa kwa homa. Kilichobaki ni kipande kifupi ambacho watu walirithishana midomoni:

*Nikichelewa usizime taa,*
*nipo njiani nakuja kwako...*

Baba yake Saumu alikuwa akikiimba kila asubuhi anaponyoa ndevu. Akifika mwisho wa kile kipande alisimamisha wembe hewani, akasubiri, kama mtu aliyegonga mlango. "Hapa kuna kitu kinafuata," alikuwa akisema. "Nikikijua, nitakufa nimetulia." Alikufa hajakijua. Kwa sababu ya wembe ule uliosimama hewani, Saumu alikuwa amesomea ufundi wa Sikio. Hakuwahi kumwambia mtu hivyo, maana fundi hatakiwi kuwa na wimbo wake.

* * *

Bi Mwanakombo alifika wakati vivuli vimeanza kurefuka, anasukuma mbele yake kiti cha plastiki ambacho ndicho kilikuwa mkongojo wake na ndicho alichokalia popote alipokwenda, kwa kuwa viti vya watu hakuviamini. Alikuwa mkunga mstaafu, amevuka miaka tisini, na katika dunia nzima ni yeye pekee aliyebaki kati ya walioucheza wimbo wa Mnkeni usiku ule. Magazeti ya wakati huo hayakuwa na habari za ukumbi huu. Tarehe yote ya Baraza ilitoka mdomoni mwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujala. Nakuona usoni."

"Nimekula."

"Mwongo mkubwa wee." Akaketi, akatoa kaimati ndani ya kopo. "Kula. Halafu uniambie kama ahadi yetu ipo."

Ahadi ilikuwepo. Majuma mawili nyuma, bibi huyu alimwomba jambo dogo kwa namna ambayo Saumu hakuweza kulikataa. Alikuwa na binti, Riziki, aliyeimba katika ukumbi huu usiku mmoja tu, mwaka wa tisini, akiwa na miaka kumi na tisa. Bi Mwanakombo alikuwa zamu hospitalini. Alimwahidi binti kwamba atakuja mtoto wa watu akishazaliwa, na mtoto wa watu hakuwa na haraka. Alipofika ukumbini asubuhi alikuta mlango umefungwa. Bendi ilikuwa imeondoka na lori kwenda kupiga Lushoto, na lori lile halikufika.

"Uso ninao kwenye picha," alikuwa amemwambia. "Sauti imeniponyoka. Nikiamka asubuhi naitafuta, nasikia sauti yangu mwenyewe. Na ya kuimba, ndiyo kabisa, sijawahi kuisikia. Si mnafanya majaribio usiku wa tarehe kumi na moja? Basi jaribuni kwa mwaka wangu."

Nani angekataa? Usiku mtupu, mwaka wowote. Saumu alikubali kabla hata hajaulizwa mara mbili.

Sasa alitafuna kaimati akikitazama kioo. Mstari wa mwaka wa tisini ulikuwepo, mwembamba lakini mzima. Ule wa sabini na tano uliendelea kutetemeka pembeni yake. Ili kuituliza roho tu, akauliza, "Hivi bibi, Riziki aliimba kwenye shughuli gani?"

"Kumbukumbu ya Mnkeni. Kila mwaka usiku huu bendi yake walikuwa wanampigia. Wimbo wenyewe hawakuugusa, waliapa kaburini kwake. Walipiga nyingine zote."

"Usiku huu?" Saumu akaacha kutafuna. "Usiku wa kesho, unamaanisha."

"Kesho ndiyo kumi na mbili."

"Ndiyo. Na Mnkeni aliimba usiku wa tarehe kumi na mbili. Usiku wa Jumapili. Uliwaambia mwenyewe."

"Niliwaambia." Bi Mwanakombo alilifunga kopo polepole. "Na usiku wa Jumapili ni upi, mjukuu wangu? Sisi tumelelewa siku inaanza jua likizama. Usiku ndio unaotangulia, mchana unafuata. Jua la Jumamosi likishazama, hiyo ni Jumapili imeingia. Likizama hilo la leo, kumi na mbili imeingia."

Saumu aligeuka kwa ghafla. Alikitazama kioo, kisha mlango, kisha kioo tena. Ule mstari haukuwa harusi. Wimbo wa Mnkeni, wenyewe, mzima, ulikuwa mbele yake, na ungefunguka muda mfupi ujao, jua likigusa mapaa ya Ngamiani. Kesho nchi nzima ingenyamaza kusikiliza usiku wa Jumapili ambao huenda ulikuwa wa mfagiaji na ufagio wake. Naye alikuwa amebakiza kubonyeza mara moja tu kuuunguza wimbo wa baba yake kwa jina la majaribio.

"Bibi," alisema. "Ulijua?"

"Waliponiuliza, niliwajibu nilivyozoea kusema. Sikuwadanganya. Walipoandika kesho, niliona wameandika kesho."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Alilisema bila kuinamisha kichwa, na hilo ndilo lililomkasirisha Saumu kuliko yote. Alitaka kikongwe yule alie, aombe radhi, ajitetee, ili yeye apate pa kumshika. Bi Mwanakombo alikaa tu juu ya kiti chake cha plastiki, mikono juu ya kopo.

"Watu wameusubiri miaka sabini!"

"Najua."

"Baba yangu..." Alizunguka ukumbi, akarudi. "Niambie ukweli. Ulikuwepo. Wimbo wenyewe ulikuwaje? Niambie ulikuwa wa kawaida."

Hapo bibi alisita. Ingekuwa rahisi kwake, na Saumu alikuwa tayari kabisa kudanganywa.

"Ulikuwa mzuri, mwanangu," alisema hatimaye. "Mzuri mno. Tuliacha kucheza tukasimama, wanaume wazima wanalia hawafichi. Nimeusahau, nimebaki na kipande hichohicho mlicho nacho, lakini nakumbuka nilivyokuwa nimesimama. Sitakudanganya, kwa hilo."

"Sasa nifanye nini?"

"Wewe ndiye mwenye mkono." "Nitakwambia moja tu, halafu sitasema tena. Huo wimbo ukipotea utaliliwa na nchi nzima, kesho na kila mwaka. Huyu wangu akipotea, hakuna hata mmoja atakayejua kwamba kuna kitu kimepotea. Mimi mwenyewe sina siku nyingi za kujua."

* * *

Mwanga uliokuwa sakafuni ulikwisha kupanda ukutani. Saumu alitoka nje, akasimama karibu na mitambo ya kubomolea, akampigia Mkurugenzi. Hakuwa na la kuamua, alijiambia. Fundi husoma, Baraza huchagua. Angesema neno moja, na yule bwana angepiga simu zake zote, kipindi kingeingizwa hewani usiku huuhuu, na dhambi ingekuwa ya wakubwa.

"Mkurugenzi, kuhusu tarehe..."

"Usiniambie Sikio limeharibika!"

"Hapana, ni zima, lakini huu usiku wa leo..."

"Dada Saumu, nisikilize." Nyuma yake kulikuwa na vicheko na vyombo vya mezani. "Niko na mawaziri hapa, wote wanaimba kile kipande, hakuna anayepatia. Usiku wa leo fanya majaribio kama tulivyopanga. Chagua mwaka wowote unaoupenda, unguza, hakuna kitu humo. Nataka kesho mashine iwe imeshachemka. Umenielewa?"

Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Alihitaji kufungua mdomo tu. Alimwona baba yake mbele ya kile kioo chao kilichopasuka, wembe hewani, povu linakauka shavuni. Akaona pia kiti cha plastiki kinavyosukumwa taratibu kutoka nyumbani mpaka hapa, na akamfikiria yule mama aliyefika mlangoni asubuhi ile akakuta kufuli.

"Dada? Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mkurugenzi."

"Safi sana."

Simu ikakatika. Saumu alibaki ameishika saa yake kwa mkono mwingine. Hakuwa amedanganya. Alikuwa ameulizwa, akajibu. Alijua sasa jinsi bibi yule alivyonyamaza, na kwamba haikuwa kazi rahisi kama alivyoidhania. Kesho wangemuuliza. Wangeuliza mbele ya watu wote, na yeye hangekuwa na miaka tisini ya kumkinga.

Aliogopa. Alirudi ndani akiwa anaogopa.

* * *

Adhana ya magharibi ilipoanza, ukuta ulilegea. Kwa sikio tupu ulitoa mlio mdogo tu wa chokaa inayopoa. Kwenye kioo, mistari yote iling'aa kwa pamoja. Saumu alivuta kile kiti cha plastiki, pamoja na mwenyewe juu yake, mpaka karibu na spika ya Sikio.

"Bibi, ukishasikia, hutasikia tena. Sitahifadhi. Ikikutwa kwenye mashine watajua, na watakuja kukuuliza wewe."

"Mara moja inanitosha. Ndivyo ingekuwa hata ningewahi."

Aliweka kidole juu ya mwaka wa tisini. Kidole hakikushuka. Ule mwaka mwingine uliwaka pembeni kwa rangi yake ya asali, na kwa kitambo Saumu aliuchukia, akaupenda, akatamani angekuwa fundi wa kitu kingine kabisa, mabomba, majokofu, chochote.

Akabonyeza.

Mistari ikaanza kuungua kutoka ukingoni, na kila mmoja ulipoungua ulitoa mkwaruzo mfupi, mabaki ya sauti yasiyo na maana, kicheko, chupa, kishindo cha ngoma. Mwaka wa sabini na tano ulikawia kuliko yote. Ulipoanza kuyeyuka, gitaa lilitoka. Likafuatwa na sauti ya mwanamume, nyepesi kuliko alivyoifikiria Saumu, wala haikuwa na haraka:

*...nipo njiani nakuja kwako,*
*hata wakisema sita...*

Kisha hakuna. Mstari ulikuwa umezimika. Saumu alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Yale maneno mawili yaliyomshinda baba yake maisha yote yalikuwa ndani ya masikio yake peke yake, na kipande cha la tatu, na ya baada ya hapo hayakuwepo tena popote duniani.

Bi Mwanakombo hakugeuka. Labda hakusikia. Alikuwa ameinama, sikio kwenye spika, anasubiri.

Ukumbi wa mwaka wa tisini ulifunguka. Viti vilikokotwa, mtu alipuliza tarumbeta kuijaribu, mwingine akapiga mluzi. Hawakuwa watu wengi. Kipaza sauti cha jukwaani kikakwaruza, na msichana akavuta pumzi karibu nacho mno, pumzi ya mtu anayetetemeka.

Mikono ya Bi Mwanakombo ililiachia kopo. Lilianguka, kaimati zikatawanyika sakafuni, na hakuna aliyeziokota.

"Jamani," ilisema sauti ya Riziki, na ilikuwa ya kitoto kuliko miaka yake, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni. "Kabla sijaanza. Mama yangu ameshafika? Kuna mtu amemwona mama?"

Watu wakacheka kwa upole. Mwanamume mmoja akasema kutoka nyuma, "Imba tu, mwanangu, atakukuta."

"Basi tumsubiri kidogo," alisema Riziki. "Kidogo tu."

Ndani ya ukuta kukawa kimya. Bendi nzima ilikuwa inasubiri, na Saumu alisikia jinsi watu walivyokuwa wakihema.

Bi Mwanakombo aliinuka. Hakushika kiti. Alisimama wima katikati ya ukumbi mtupu, akajifunga kanga vizuri kiunoni kama mtu anayeingia shughulini, akaukaribia ukuta.

"Nimefika," alisema. "Nimefika, mama. Imba."

Na Riziki, aliyekuwa amesubiri kadiri bendi ilivyomruhusu, akaanza kuimba.